Kazi za Mume Wangu Zilikaa kwa Watu

Mtu akitaka kuona kazi za mume wangu, sikuwa na mahali pa kumpeleka ila nyumbani kwa wanawake wengine. Hapakuwa na ukumbi, hapakuwa na kitabu, na kwetu ukutani hapakuwa na kitu ila kalenda ya duka la mbolea na saa iliyosimama. Picha alizopiga miaka ile ya sabini, kuanzia Iringa hadi Mbeya na huko chini Usangu, zilikaa kwa waliopigwa. Mimi mkewe sikuwa nayo hata moja, kwa sababu hakuwahi kunipiga. Hivyo ndivyo nilivyoamini kwa muda mrefu, na jambo hilo liliniwasha kama upupu.

Tulikutana Iringa, kwenye studio ya mzee mmoja wa Kihindi karibu na soko. Mume wangu alikuwa fundi wa chumba cha giza, kazi yake kusafisha picha. Mimi nilikuwa mpaka rangi. Siku hizo picha zilitoka nyeusi na nyeupe, na aliyetaka kupendeza zaidi aliiacha yake kwetu niipake rangi kwa mkono: midomo, mashavu, maua ya kitenge, mkanda wa saa. Nilikuwa na vichupa vyangu vya rangi na vijiti vilivyofungwa pamba kwenye ncha, na nilikuwa hodari, sitajishusha kwa hilo. Wapo maharusi wengi wa Iringa ambao hadi leo wana mashavu ya waridi kwa sababu yangu, ingawa siku yenyewe walikuwa wamepauka kwa baridi.

Pale studio watu walipigwa wamekaa wima mbele ya pazia lililochorwa bustani, redio mezani, mkono wenye saa ukitangulizwa mbele. Mzee akisema "tulia," mtu aliacha hata kupumua. Huyu mwanamume ambaye baadaye alikuwa mume wangu hakuipenda kazi ya namna hiyo. Alisema watu wanaingia studio wakiwa watu na wanatoka wakiwa viti. Jumapili aliazima kamera ya mzee akaenda Kihesa kupiga wagema wa pombe ya ulanzi kwenye mianzi yao, watoto wakisukuma tairi, wanawake wakipukuchua mahindi huku wanacheka kitu ambacho wewe huambiwi. Jumatatu alinionyesha. Nilizitazama zile picha za wanawake wanaocheka nikajisikia vibaya, na hapo hata mahari yangu ilikuwa haijatajwa.

Tulipooana tukahamia Mbeya. Alipata kazi ya kupiga picha za vitambulisho vya wafanyakazi, maana reli ilikuwa inajengwa na upande wa Iyunga palikuwa pamejaa watu. Tulipanga Mwanjelwa, chumba na stoo. Stoo tuliigeuza chumba cha giza, blanketi likawa mlango. Asubuhi alipiga nyuso za vitambulisho, moja baada ya nyingine, zote zimekasirika. Jioni na siku za mapumziko alipanda baiskeli au akadandia lori, akaenda kupiga alichokitaka mwenyewe: wabeba mataruma ya kulaza chini ya reli, wauza viazi wamejifunga mablanketi katika ukungu wa Juni, wapandaji wa mpunga wameinama majini.

Kila Jumamosi alitundika picha hizo. Alikuwa na kamba moja ndefu ya katani, akaifunga kwenye ukuta wa nje wa hoteli ya chai pale Mwanjelwa, akazibana picha kwa vibanio vya nguo. Vibanio vilikuwa vyangu. Hakukuwa na kiingilio wala maelezo. Kulikuwa na sharti moja tu, na watoto wote wa mtaa walilijua: ukijiona, jichukue. Mtu akiiona sura yake aliifungua mwenyewe kwenye kamba akaenda nayo nyumbani, au ndugu wa nyumba yake akamchukulia. Ya mwenzako hugusi. Kwa hiyo maonyesho ya mume wangu yaliliwa na watazamaji, na kufikia alasiri kamba ilibaki na vibanio na picha mbili tatu za watu wa mbali.

Watu waliipenda ile kamba kuliko sinema. Wanawake walifika na watoto mgongoni, wakatembea taratibu mwanzo hadi mwisho wakijitafuta. Niliwahi kumwona bwana mmoja akimfungua mkewe kwenye kamba, akamtazama sana, akaondoka haraka kwenda kumuuliza siku ile alikuwa amesimama wapi na nani. Nilimwelewa kabisa bwana yule.

Mimi pia nilijitafuta. Nilifanya kama naenda kuangalia vibanio vyangu, nikapita toka mwanzo hadi mwisho. Nilimwona jirani yangu akisuka, nikamwona muuza vitumbua, nikawaona mapacha wa fundi cherehani na mbwa wa mchungaji. Hata mbwa. Nikamuuliza mume wangu, "Mbona mimi hunipigi?"

Alikuwa anafuta kioo cha kamera kwa ncha ya khanga yangu mwenyewe. Akasema, "Wewe si nakuona kila siku."

Sikumsemesha mpaka Jumapili tulipotoka kanisani, na hapo ni kwa sababu watu walikuwa wanatutazama.

Halafu akaanza kuonekana yule mwanamke wa Usangu. Alikuwa wa zile familia zilizohama na ng'ombe wao kutoka kaskazini wakaja kukaa bondeni kule, upande wa Madibira. Mara ya kwanza alikuwa kwenye picha moja, ameshika kibuyu cha maziwa. Mara ya pili anapepeta mpunga. Mara ya tatu amekaa chini, miguu ameinyoosha, anamsuka mtoto, na macho ameyainua kwenye kamera kana kwamba aliyeishika amemwambia jambo sasa hivi. Alikuwa mrefu, shingo ndefu, shanga zimejipanga. Kwa kuwa Usangu ni mbali, hakuna wa kumchukua. Alitundikwa Jumamosi hii, akatundikwa na ile, na kila jioni akarudi nyumbani kwangu, akalala kwenye meza yangu ya rangi. Wageni wengine unaweza kuwaaga, lakini huyu hakuwa na siku ya kuondoka.

"Unampiga sana huyu," nilisema.

"Anajua kutulia bila kukakamaa," akanijibu. Ndiyo sifa kubwa kabisa aliyowahi kumpa mtu mbele yangu.

Picha zake mume wangu hazikupakwa rangi. Hilo alikuwa amenikataza tangu Iringa. Siku moja ya masika, mvua inapiga bati kwa nguvu hata huwezi kusikia unachowaza, nilikaa mezani nikaichukua ile ya kibuyu cha maziwa nikampaka. Nilimpaka mashavu mekundu kama nyanya. Nilimpaka midomo mpaka ikavimba. Shanga nikazifanya za kijani na njano, rangi ambazo najua hazikuwa zake, na sijutii. Sikumsikia mume wangu akiingia. Nilipoinua kichwa alikuwa amesimama mlangoni, maji yanamchuruzika, kamera shingoni, na sijui alikuwa hapo tangu lini. Nikajiandaa kwa ugomvi. Alisogea akaitazama ile picha, akasema, "Atafurahi," kisha akaenda kubadili shati. Afadhali angenifokea.

Baada ya hapo nikaanza kupekua negativu. Alizihifadhi kwenye kopo la biskuti, na mimi ni mtu wa studio, nazisoma kama wengine wanavyosoma gazeti. Kwenye negativu meno ni meusi na nywele ni nyeupe, lakini mtu unamjua tu kwa jinsi anavyokaa. Nilisimama nazo dirishani alipokuwa kazini. Niliwaona watu wote wa Mwanjelwa. Nikafika kwenye mkanda mmoja wenye tundu: picha moja imekatwa kwa mkasi, imeondolewa. Kabla yake alikuwa yule mwanamke, amebeba ungo wa mpunga. Baada yake ulikuwa mtaa wetu, mvua imeulowesha.

Jioni nikamuuliza iliyokatwa iko wapi.

"Iringa, kwa mzee," akasema. "Nimemwomba aikuze. Mashine yetu ndogo."

Hakuniambia zaidi na mimi sikuuliza zaidi, kwa sababu nilishajijibu. Alikuwa anamkuza. Wengine wote wanatoshea kiganjani, yeye anakuzwa. Tangu siku hiyo kila alipodandia lori kushuka Usangu nilimfungia viazi vya njiani, nikamwitikia kwaheri yake, na moyo wangu ukabaki unachemka mpaka arudi.

Nilikuwa katika hali hiyo mwalimu mmoja kijana alipokuja kubisha hodi. Alikuwa anafundisha Iringa. Alipita Mwanjelwa siku ya soko, akaiona kamba, na hakuweza kuisahau. Sasa alitaka kukusanya zile picha azitundike kwenye ukumbi wa shule, wanafunzi wajifunze nchi yao inafananaje. Mume wangu hakuwepo, alikuwa amekwenda msibani Rungwe kwa ndugu zake.

"Mama, nitaona wapi kazi zake?" akaniuliza, akitazama kalenda ya mbolea.

"Kwa watu," nikamwambia. "Vaa viatu vya kutembea."

Nikampeleka. Tulianzia kwa jirani yangu, tukaenda kwa muuza vitumbua, tukafika hadi Iyunga kwa mwanamume mmoja aliyekuwa mbeba mataruma. Kila nyumba ilikuwa hivyo hivyo. Picha imetundikwa juu kabisa, karibu na dari, na imefunikwa kitambaa kilichofumwa kwa uzi kwa ajili ya vumbi. Kwanza unaketishwa. Unaletewa chai. Halafu mwenye nyumba anakifunua kitambaa na kuanza kusimulia: siku hiyo kulikuwa na baridi kiasi gani, nani alikuwa pembeni lakini hakuingia, taruma lile lilimwangukia nani wiki iliyofuata. Mwalimu alijifunza mengi kuliko alivyotarajia. Mimi pia nilijifunza, na ndicho kilichoniudhi, kwamba mume wangu asiyesema neno nyumbani alikuwa ameongea na watu hawa wote saa nzima nzima. Walijua kwamba hapendi kitunguu. Walijua kuhusu kaka yake aliyepotelea migodini, habari ambayo mimi niliipata baada ya mwaka wa ndoa.

Mwalimu alipoomba kuazima picha, wote walikataa. Yule mbeba mataruma alimwambia kwa upole, "Mwalimu, hiyo ni mimi. Ukitaka kuniona njoo hapa, chai ipo. Sasa mimi nikatundikwe Iringa kufanya nini, na simjui mtu huko?"

Tulipomaliza akaniuliza kama kuna nyingine. Nilijua jibu kabla hajamaliza kuuliza, na nilijua pia kwamba sitampeleka kwa ajili yake. "Zipo Usangu," nikasema. "Kuna mmoja huko amepigwa sana."

Tulidandia lori lililokuwa linakwenda kuchukua mpunga. Njia nzima mwalimu alisifu mabonde na ndege, nami nilikuwa napanga maneno. Nilikuwa nimevaa gauni langu la kanisani na viatu vya kisigino ndani ya mfuko, vya kuvaa nikikaribia. Nilitaka huyo mwanamke aniangalie kuanzia chini.

Tulielekezwa kwa urahisi. Ulikuwa mji mpana wa familia moja, zizi kubwa, ng'ombe wengi. Akatoka nje akijifuta mikono, na niliona mara moja kwamba alikuwa na umri kunizidi na jino moja la mbele halipo. Kwenye picha hakuwahi kucheka hata jino likaonekana. Nilifurahi, na nasema wazi kwamba nilifurahi. Kisha akanitazama usoni, si viatu, akaachia mikono yake.

"Karibu, dada," akasema. "Umechelewa kuja."

Akatuingiza ndani. Ilikuwa giza baada ya jua la nje, ukuta wa udongo uliosiribwa vizuri, na juu ya ukuta picha mbili zimetundikwa bega kwa bega. Ya kwanza ilikuwa ndogo. Ilikuwa ile yangu, ya kibuyu cha maziwa, yenye mashavu ya nyanya na midomo iliyovimba. Ya pili ilikuwa kubwa kuliko picha yoyote ya mume wangu niliyopata kuona, na mwalimu ndiye aliyeanza kusema.

"Mama, huyu si wewe?"

Nilikuwa mimi. Nimeinama kwenye meza yangu, kijiti cha pamba mkononi, mwanga wa dirisha umenipiga upande mmoja, na nyuma ya kioo mvua. Khanga imeteleza begani. Mdomo nimeubetua, uso nimeukunja, kila mshipa wa shingo unaonekana. Chini ya mkono wangu, ukitazama kwa makini, kuna picha ndogo ya mwanamke mwenye kibuyu. Sikuwa nimewahi kujiona nikiwa sijajiandaa. Nilikuwa mzuri na nilikuwa wa kutisha, na mtu aliyenipiga hakuwa na haraka yoyote.

"Bwana Picha alikuwa anatupiga, tunamwacha," mwanamke yule akaeleza, huku anammiminia mwalimu maziwa. "Halafu wanunuzi wa ng'ombe wakamwambia baba mkwe kwamba mimi natundikwa kwenye kamba huko Mbeya. Mzee akakasirika. Akamwita. Akamwambia, wewe unabeba sura za kwetu, sisi ya kwako hatuna. Hatujui kwako, hatujui unalala na nani. Lete na wewe mtu wako akae hapa. Basi akaleta hii."

"Na mzee akakubali?" mwalimu akauliza.

"Kwanza alikataa. Alisema hii inaweza kuwa picha ya dukani, ya mwanamke yeyote. Akaichukua akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga. Aliporudi akasema, hapana, huyu ni mke wa mtu kweli. Wa kuazima angecheka."

Mwalimu alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Mimi sikucheka. Nilimuuliza yule mwanamke mume wangu alisema nini siku hiyo.

"Alisema tusikuogope. Alisema huyu atakuja mwenyewe siku moja, amenuna. Ndiyo tukawa tunangoja." Akanionyesha picha yake ndogo. "Na hii nilijua ni wewe umenipaka. Watu wakija hapa wananisifia sana. Kwenye nyingine nimekuwa mweusi mweusi tu. Asante, dada."

Nikasimama. Sharti nililijua kuliko mtu yeyote: ukijiona, jichukue. Nikanyoosha mikono nikaishika fremu pande zote mbili, na ilikuwa nyepesi kuliko nilivyodhani. Yule mwanamke hakunizuia. Alisema tu, kwa sauti ile ile ya kukaribisha maziwa, "Ni yako. Lakini ukiichukua, na zetu zirudi zote, hata hizo ndogo ndogo za kwenye kopo. Ndivyo mzee alivyopatana naye. Na Bwana Picha asije tena na kamera."

Nikaitazama tena. Miaka yote nilitaka kujua kama ananiona, na jibu lilikuwa mikononi mwangu, na kama ningelibeba kwenda nalo Mwanjelwa ningekuwa nimemfungia mlango wa bonde zima. Mpunga, ng'ombe, watu wameinama majini, vyote. Nilisimama pale muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu. Kisha nikaiachia, nikainyoosha maana ilikuwa imekaa upande, nikakaa chini nikanywa maziwa. Yalikuwa mazuri, na hilo nalo liliniudhi.

Mwalimu alirudi Iringa bila picha. Baadaye nilisikia kwamba alikuwa akiwaleta wanafunzi wake Mbeya kwa lori la shule, wakitembea nyumba kwa nyumba na kunywa chai za watu.

Mume wangu aliporudi kutoka msibani alinikuta naosha vibanio.

"Nasikia ulishuka Usangu," akasema.

"Nilishuka."

"Umejiona?"

"Nimejiona."

"Ukajichukua?"

"Sikujichukua."

Akakaa kwenye kigoda, akavua viatu vilivyojaa udongo wa Rungwe. Kisha akauliza kama nataka anipige nyingine, kesho, mwanga ukiwa mzuri. Nikamwambia sitaki. Ningejua kwamba ananitazama, ningetuliza uso, ningekuwa kiti. Nikamwambia aichape tena ile ile. Akasema negativu bado iko kwa mzee wa studio. Tulipokwenda Iringa kuitafuta, mzee alikuwa ameshafunga studio na kuhama, na mwenye jengo hakujua makasha yake yalikwenda wapi.

Basi mpaka sasa watu huniuliza wapi wataona kazi za marehemu mume wangu, nami nawaelekeza: Kihesa kwa wagema, Mwanjelwa, Iyunga, ombeni chai msubiri kitambaa kifunuliwe. Wakiuliza ipi ni nzuri kuliko zote, nawaambia iko Usangu, kwa mwanamke mmoja mrefu. Nasikia bado anaipangusa kila asubuhi. Yeye ananiona kila siku jinsi mume wangu alivyoniona, na mimi niliangalia mara moja tu, nimesimama, na wivu wangu kwa yule mwanamke haujaniisha.